Ukisajiliwa, cheti chako kibaki kwa mama

Mkataba wangu wa kwanza wa kucheza mpira nilisaini nikiwa na miaka 19, muda mfupi baada ya kumaliza kidato cha sita. Watu wa klabu walikuwa wameniona kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Nilipoufikisha mkataba nyumbani Chamwino, Dodoma, mama aliukunja, akauweka kwenye sanduku la bati lenye kadi za kliniki za wadogo zangu. Akaniambia, "Mwanangu, karatasi hii imeandikwa siku yake ya kufa. Cheti cha shule hakijaandikwa. Niachie vyote viwili."

Mwaka wa pili mishahara ikakwama miezi mitatu. Tuliambiwa tusubiri, nami nikanyamaza kwa kuogopa kuachwa. Wewe usinyamaze. Tangu 2018 kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kuvunja mkataba asipolipwa mishahara ya miezi miwili, mradi ameidai klabu kwa maandishi na kuipa angalau siku 15 imlipe. Lakini utadai vipi kama nakala ya mkataba huna? Wachezaji vijana wengi husaini juu ya boneti la gari, wanapigwa picha na jezi, karatasi inaondoka na kiongozi. Omba nakala siku hiyohiyo.

Kisha goti. Niligeuka peke yangu, hakuna aliyenigusa, nikasikia kitu kimekatika. Simu za pongezi ziliisha ndani ya wiki mbili. Aliyekuwa ananipigia kila jioni ni baba, akiniuliza nimekula nini. Hapo ndipo sanduku la mama lilipofunguliwa. Niliomba nafasi Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), nikapata mkopo wa Bodi ya Mikopo, nikasomea ualimu. Leo nakatwa asilimia 15 ya mshahara kuurejesha, na nakatwa kwa moyo mweupe, kwa sababu mwingine anasoma kwa marejesho hayo.

Nyumbani sema ukweli kuhusu mshahara wako. Ukificha, wataamini una mamilioni, na kila msiba utaitwa wewe. Mimi nilijipangia jukumu moja: sare na madaftari ya mdogo wangu. Ada za shule za serikali zimefutwa hadi kidato cha sita tangu 2022, lakini mtoto haendi darasani bila viatu.

Jumamosi jioni nafundisha watoto kwenye uwanja wa vumbi kijijini kwetu. Wapo wawili wanaogawana jozi moja ya njumu: wa mguu wa kushoto anavaa cha kushoto, mwenzake cha kulia. Kila mtoto anakuja na daftari, tunalipitia kwanza. Aliyefeli simzuii kucheza. Ukimfukuza uwanjani umempoteza na darasani.

Mwanasoka Sadio Mané amejenga hospitali kijijini kwao Bambali, Senegal. Usingoje fedha za namna hiyo. Mwaka 2017 mchezaji wa Hispania, Juan Mata, alianza kutoa asilimia moja ya mshahara wake na kuwaomba wachezaji wenzake wafanye hivyo. Ukilipwa laki nne, asilimia moja ni shilingi elfu nne, na mpira uliopasuka utashonwa.

Kama una mkataba mkononi na hujausaini, njoo nao Jumamosi, na mzazi wako akiweza. Tunakaa chini ya mbuyu ulio nyuma ya goli, tunausoma mstari kwa mstari.