Guided by Voices: kwa nini nyimbo nyingi hivyo?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeanza kuisikiliza bendi ya roki ya Marekani iitwayo Guided by Voices. Albamu zao ni nyingi mno, sijui pa kuanzia. Tena zile za miaka ya 1990 zina mvumo na mikwaruzo, na nyimbo kadhaa hukatika hata dakika mbili hazijatimia. Je, huo ni uzembe? – Msomaji wenu, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, si uzembe, na mwanzoni haukuwa hata mtindo, ilikuwa ni hali yao. Bendi hii ilianzishwa mwaka 1983 mjini Dayton, Ohio, na mtunzi wake mkuu, Robert Pollard, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Albamu ya Propeller (1992), waliyodhani itakuwa ya mwisho, ilitoka nakala 500 tu, na majalada yake yalitengenezwa kwa mkono, moja baada ya jingine, kila moja kivyake.

Siri ya sauti yao ni mashine ya kurekodia kwenye kaseti, yenye njia nne tu, yaani sehemu nne za utepe, kila moja ikirekodi sauti yake peke yake. Gitaa huchukua njia moja, ngoma nyingine, uimbaji ya tatu. Njia zikijaa, zilizokwisha kurekodiwa huunganishwa katika njia moja ili nafasi ipatikane, na kila zinapohamishwa mvumo wa utepe huongezeka. Hata hivyo, mashine hiyo ilikaa nyumbani na haikudai malipo ya saa kama studio, kwa hiyo wimbo uliweza kunaswa ungali wa moto, na kesho yake ukaja mwingine. Wingi unaokushangaza ulianzia hapo. Katika wimbo unaofungua Bee Thousand (1994), gitaa linapotea ghafla katikati, kisha linarudi. Waliuacha hivyo hivyo, nami nafurahi, kwa kuwa pengo lile hunifanya nijihisi nimo chumbani pamoja nao. Alien Lanes (1995) ina nyimbo 28 ndani ya takriban dakika 41: Pollard akishapata kiitikio kizuri, hukiimba na kuendelea na safari.

Mwaka 1999 waliingia studio kubwa na mtayarishaji Ric Ocasek, mwimbaji wa bendi ya roki ya The Cars, wakatoa Do the Collapse, albamu safi ambayo kwangu imepoteza joto. Bendi ilivunjika mwaka 2004, ikarudi 2010, ikasimama tena 2014 na kuanza upya 2016. Mwaka uliofuata ikatoka August by Cake, albamu ya 100 ya Pollard, ukihesabu na zile alizotoa nje ya bendi. Mwaka 2019 pekee walitoa tatu.

Anza na Bee Thousand, uisikilize mfululizo bila kuruka wimbo, kwani vipande vile vifupi hushikana kimoja na kingine, na ukivitenga vitaonekana pungufu. Kisha nenda Alien Lanes.