Friji la gereji kuwa friji la bia ya koki: majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Nina friji la milango miwili, friza juu, limekaa tu gereji na bado linapoza. Nataka kulitia pipa la bia na koki. Nitoboe wapi? (Msomaji, Shangani, Mtwara)

Weka drili chini kwanza, shika futi. Mapipa mengi ya lita 50 yana kimo cha sentimita 53 na upana wa 41 hivi. La lita 30 mara nyingi lina upana huohuo ila ni fupi. Juu yake acha sentimita 15 za kichwa cha kufungulia na mpira unaopinda. Tengeneza boksi la kadibodi la vipimo hivyo, liingize, ufunge mlango. Wengi hukwamishwa na kile kibega cha chini nyuma, kilichofunika kompresa, na rafu za mlangoni. Rafu zing'oe. Kibega hakiondoki, kwa hiyo kikigoma, chukua pipa dogo. Sakafuni tandika plaiwudi ya milimita 18, maana pipa la lita 50 likijaa linapita kilo 60, na chini yake ni plastiki iliyolalia sponji.

Toboa mlango. Huko hamna bomba la gesi ya friji. Ubavuni na mgongoni ni kamari. Ukiona ubavu unapata moto kompresa ikiwa inafanya kazi, jua mabomba yamepita humo. Ukilazimika kutoboa ubavu, koroga unga wa wanga na spiriti, pakaa friji likiwa limezimwa, subiri mvuke wa spiriti uishe ndipo uliwashe: mistari inayokauka kwanza ndiyo mabomba. Kibandiko cha nyuma kikisomeka R600a, gesi hiyo inawaka, usijaribu kubahatisha. Tobo la koki huwa milimita 22 hadi 25, ila pima shina la koki yako mwenyewe. Ukimaliza ziba ukingo kwa silikoni. Unyevu wa pwani ukiingia kwenye sponji hautoki tena.

Koki inatoa povu tupu. Nimeshusha presha karibu na sifuri, ndiyo kwanza limezidi. (Msomaji, Masasi)

Limezidi kwa sababu umeishusha. Gesi iliyomo ndani ya bia hukaa humo kwa kushikiliwa na baridi na presha. Ukiondoa presha, inatoka ikiwa bado kwenye mpira, na glasini unapata mapovu. Lager ikiwa na nyuzi 3 au 4 inataka presha ya bar 0.7 hadi 0.8, yaani psi 10 hadi 12 kama geji yako inasoma kwa psi. Bia hiyohiyo ikifika nyuzi 10 itadai kama bar 1.2, na hapo itatoka kwa kasi usiyoiweza.

Kwa hiyo rudisha psi 12, kisha shughulikia joto. Usiamini namba za kitasa cha friji. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji chini karibu na pipa, kiache usiku kucha, halafu pima na bia ya glasi ya pili. Thamostati (kidhibiti joto) za friji za zamani hupanda na kushuka sana. Funga ya kidijitali yenye waya wa kihisio, ubandike kihisio ubavuni mwa pipa, weka nyuzi 3, tofauti ya nyuzi 1, na kompresa icheleweshwe angalau dakika 3 kabla ya kuwaka tena. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, ucheleweshaji huo ndio unaoiokoa kompresa.

Pipa lililosafirishwa juani hadi Masasi linafika na nyuzi 30. Friji la nyumbani halikuumbwa kupoza lita 50 kwa mkupuo, lipe siku mbili. Ukilifungua jioni ileile, usimlaumu fundi.

Povu likiwa glasi ya kwanza tu, pipa lako ni zima: kilichopata joto ni koki na kipande cha mpira kilicho juu, kwa kuwa baridi hukaa chini. Feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 ikivuta hewa ya chini kuipeleka juu inatosha. Likiwa glasi zote, angalia mpira. Wengi hununua wa tundu la milimita 8 dukani na kukata mita moja. Unatakiwa wa tundu la milimita 4.8, wa kupitishia vinywaji, mita 2 hadi 3. Wembamba na urefu ndio breki ya bia. Na koki ifunguliwe yote kwa mara moja. Kuifungua nusu kwa uangalifu ni kutengeneza povu kwa makusudi.

Mtungi wa gesi ya kusukuma bia niliuingiza ndani ya friji, geji kubwa ikashuka toka bar 60 hadi chini ya 40. Unavuja? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Huenda hapana. Kaboni dayoksaidi mtungini ni kimiminika, na presha yake hufuata joto: nyuzi 20 ni kama bar 57, nyuzi 4 ni kama bar 38. Haikuambii gesi iliyobaki. Pima mtungi kwa mizani. Kuvuja kunatafutwa kwa povu la sabuni kwenye kila kiungo. Mtungi usimame wima na ufungwe, uwe ndani au nje ya friji. Chumba kiwe na dirisha, kwani gesi hii ni nzito kuliko hewa, hulala chini na haina harufu ya kukushtua.

Naweza kutumia regulata ya gesi ya kupikia, au pampu ya matairi? (Msomaji, Nachingwea)

Hapana kwa zote mbili. Regulata ya jikoni haikutengenezwa kuhimili bar 60, itapasuka. Ile ya kuchomelea yenye kipimo cha lita kwa dakika nayo haifai, hupima mtiririko badala ya presha. Pampu inaingiza oksijeni, na bia inachuja ladha kwa siku moja tu.

Msimu wa korosho, je, naweza kujaza uraka (pombe ya mabibo) kwenye pipa tupu la kiwanda? (Msomaji, Newala)

Usiguse. Pipa ni mali ya kiwanda, na vali ikifunguliwa kukiwa na presha hurushwa kwa nguvu ya kuua. Isitoshe, uraka unaendelea kuchacha. Ndani ya chombo kilichofungwa unajijengea presha wenyewe. Nyuzi 3 zinapunguza mwendo wa hamira, haziiui. Uchuje, uweke kwenye dumu lenye kifuniko kilicholegezwa, humohumo frijini.

Kwetu hatunywi pombe. Juisi ya ukwaju yenye gesi inawezekana? (Msomaji, Lindi mjini)

Inawezekana, na ni rahisi kuliko bia. Nunua mpira mpya, sio uliotumika kwa bia, kwani harufu haitoki. Viungo vyote viwe chuma cha pua. Maji yenye gesi na ukwaju huyeyusha shaba. Chuja kwa kitambaa mara mbili, la sivyo nyuzi zitaziba koki. Presha bar 1.7 hadi 2, mpira mita 5 au zaidi.

Bia imeanza kunuka siagi. (Msomaji, Mikindani)

Mpira na koki vichafu. Bakteria wameota humo. Safisha kila baada ya wiki mbili kwa dawa ya mipira ya bia, dakika 15, ukiwa na glavu na miwani, kisha pitisha maji safi mpaka utelezi uishe. Koki ifungue yote, usugue ndani kwa brashi. Usichanganye Jiki na siki: inatoa gesi ya sumu.