Wadogo zetu wa kejeli za siasa, mwigizaji asicheke

Mwaka huu tena filamu zenu zina kosa lile lile: kila aliye kwenye fremu anajua anachekesha.

1. Chukueni onyesho la mazishi, maana kila mtu analiandika. Mheshimiwa amechelewa, amempokonya mchungaji maikrofoni, anaahidi lami huku marehemu akisubiri kuzikwa. Kichekesho kimeshakamilika hapo. Mnakiua mnapomvisha kitambi cha mto na kumpa sauti ya katuni. Mwigizaji aombe kura kama mtu anayezihitaji kweli, na wafiwa wamsikilize kwa adabu zote. Jeneza nalo likiwa tupu, wabebaji hulinyanyua kama trei ya mandazi, na hakuna anayeamini tena kuna maiti. Tieni mifuko ya mchanga ya kilo 50 hivi, mingi ikae upande wa mabega, muifunge isiteleze, na wabebaji wawe sita. Shingo zikikaza, ile hotuba inaanza kuuma.

Kamera ikae mbali, fremu iwe pana, mjane na mheshimiwa waonekane pamoja. Mhariri asirukie uso kwa kila neno. Baada ya ahadi ya lami, mwacheni mjane atazame tu kwa sekunde 2, yaani fremu 50 mkipiga kwa fremu 25 kwa sekunde, ndipo mkate picha. Mkikata mapema, mtazamaji hajapata nafasi ya kuona aibu. Mwongozaji Stanley Kubrick alipiga vita vizima vya kurushiana keki kuwa mwisho wa filamu yake ya kejeli, Dr. Strangelove (1964), kisha akavitoa kwa sababu viligeuka mzaha mtupu usioendana na filamu. Alikuwa na ujasiri wa kutupa kazi ya gharama. Nanyi tupeni.

2. Kuvunja kanuni kunataka kanuni iwepo kwanza. Mhusika anayesema na watazamaji alitazame lenzi ndani ya dakika 5 za mwanzo, na awe yeye peke yake. Mwishoni akilitazama mwingine, hata kwa nukta moja, ukumbi utashtuka. Wote wakitazama tangu mwanzo, hakuna kilichovunjwa.

3. Sare za polisi na bunduki bandia zinataka kibali, na OCS, mkuu wa kituo cha polisi cha eneo, apewe barua kabla ya siku ya kupiga. Kati ya teki moja na nyingine, yaani kamera inapozimwa, sare ifunikwe kwa koti na bunduki irudi sandukuni. Mwigizaji asitoke navyo kununua chai barabara ya Tom Mboya, tafadhali, hilo linaweza kuua mtu.

4. Filamu ipelekwe KFCB, bodi ya kuainisha filamu Kenya, kuainishwa kabla hamjakodi ukumbi.

5. Mkipiga makaburini Lang'ata, Nairobi, Uwanja wa ndege wa Wilson uko karibu na ndege zitapita juu ya hotuba. Rekodini sekunde 60 za sauti ya mahali penyewe bila mtu kusema, na ndege ikipita katikati ya teki, rudieni sentensi nzima, si neno moja.