Nimehariri mafaili ya mandhari ya tovuti moja kwa moja. Nisasisheje bila kupoteza kazi?

SWALI: Tovuti yangu inatumia WordPress. Kwa muda mrefu nimekuwa nikibadilisha rangi na sehemu ya juu ya kurasa kwa kuhariri mafaili ya mandhari (theme, yaani kifurushi cha mwonekano wa tovuti) yenyewe: style.css, header.php na functions.php. Sasa dashibodi inaonyesha toleo jipya linaloziba tundu la usalama. Nikisasisha, kazi yangu itapotea?

JIBU: Itapotea yote. WordPress ikisasisha mandhari haichagui mafaili. Huondoa folda nzima ya zamani na kuweka mpya mahali pake. Hata hivyo usiahirishe. Sasisho la usalama likishatoka, mtu yeyote anaweza kulinganisha matoleo mawili akajua pa kupenyea. Hamisha mabadiliko yako kwanza, na ufanye hivyo wiki hii. Kama uliwasha usasishaji wa kiotomatiki, ambao upo tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, uzime kwa sasa.

Chukua nakala rudufu ya mafaili na ya hifadhidata, zote mbili, na uzipakue kwenye kompyuta yako. Nakala inayokaa kwenye seva ileile hupotea pamoja na seva.

Kisha tafuta ulichobadilisha, wala usitegemee kumbukumbu. Pakua mandhari halisi ya toleo lilelile unalotumia sasa. Ukichukua toleo jipya utachanganya mabadiliko yako na ya watengenezaji. Linganisha folda hizo mbili kwa programu kama WinMerge au Meld, nayo itakuonyesha kila mstari uliogusa.

Mistari hiyo ihamie kwenye mandhari mtoto, yaani folda mpya ndani ya wp-content/themes inayorithi mandhari unayotumia sasa, ambayo huitwa mzazi. Faili lake la style.css lianze hivi:

/*
Theme Name: Mandhari Yangu
Template: jina-la-folda-ya-mzazi
*/

Kwenye Template andika jina la folda ya mzazi herufi kwa herufi, si jina linaloonekana kwenye dashibodi. Chini yake weka CSS yako (kanuni za rangi na mwonekano). Baadhi ya mandhari hazipakii style.css ya mzazi zenyewe mtoto akiwashwa. Ukiona kurasa zimevurugika, ipakie kwa wp_enqueue_style, funksheni ya WordPress ya kupakia CSS, ndani ya functions.php la mtoto.

Uangalifu mkubwa unahitajika kwenye functions.php. Kiolezo (faili linalojenga sehemu ya ukurasa) kama header.php cha mtoto huchukua nafasi ya kile cha mzazi, lakini functions.php husomwa yote mawili, la mtoto likitangulia. Ukinakili faili zima la mzazi, funksheni ileile itatangazwa mara mbili na mara nyingi tovuti itaanguka papo hapo. Nakili vipande vyako tu.

Kuhusu header.php, kuna hatari isiyoonekana, na ndiyo inayonisumbua zaidi katika hali yako. Ukishaliweka kwa mtoto, masasisho ya mzazi hayaligusi tena. Tundu likiwa ndani ya faili hilo, utabaki nalo huku dashibodi ikisema kila kitu kimesasishwa. Kwa hiyo baada ya kusasisha mzazi, nakili header.php lake jipya na urudishie humo mistari yako. Afadhali zaidi, punguza violezo unavyonakili. Kama ulichoongeza ni msimbo wa kuhesabu wageni, uuingize kupitia wp_head (ndoano ya WordPress ya kuongeza msimbo kwenye kichwa cha ukurasa) kutoka functions.php la mtoto, na header.php hutalihitaji kabisa.

Fanya haya yote kwanza kwenye nakala ya majaribio. Kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti zina kitufe cha kuitengeneza. Usishtuke nembo, rangi au CSS ya ziada ikitoweka unapowasha mtoto: mipangilio hiyo huhifadhiwa kwa kila mandhari peke yake. Inukuu mapema, kisha uiweke upya.

Sasa sasisha mzazi, futa kache (nakala za muda za kurasa), ufungue kurasa kwenye simu na ujaribu kutuma fomu. Ukiridhika, rudia hatua zilezile kwenye tovuti halisi. Tangu toleo la 5.2, hitilafu kubwa ikitokea WordPress hutuma kwa barua pepe ya msimamizi kiungo cha hali ya uokoaji, inayokuwezesha kuingia kwenye dashibodi hata tovuti ikiwa imeanguka. Hakikisha leo kwamba anwani iliyoandikwa kwenye mipangilio ni ile unayoifungua.