Shangazi Anajibu: Watoto Wetu, Simu na Machozi

Binti yangu ana miaka 14. Aliweka picha Instagram, baada ya dakika kumi akaifuta kwa kuwa ilipata laiki sita tu. Akajifungia chumbani akilia. Ni utoto?
*Mama, Morogoro*

Si utoto, mama. Sisi tulichekwa na wenzetu wa mtaani, tukilala yakaisha. Yeye anahesabiwa mbele ya darasa zima. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyewahi kufanya kazi Facebook, kampuni yenye Instagram, alifichua nyaraka za ndani za kampuni hiyo. Humo, wasichana 32 katika kila 100 walisema kwamba wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwazidishia.

Usimwambie "ni picha tu". Kaa naye kitandani, umuulize ni nani alitegemea angeilaiki na hakuilaiki. Mara nyingi kinacholiza si uchache wa laiki, ni mtu mmoja aliyepita kimya. Ukishamjua huyo, umejua kidonda kilipo.

Nimemnyang'anya simu kijana wangu wa kidato cha pili. Sasa hali chakula vizuri, wala haongei. Si ndiyo simu imemharibu?
*Baba, Nakuru*

Huenda. Ila huenda pia alikuwa na huzuni tangu zamani, simu ikawa maficho yake. Mwenye huzuni hushinda mtandaoni, na kushinda mtandaoni humwongezea huzuni; kipi kilitangulia, wataalamu wenyewe bado wanabishana. Kumbuka, mzee: aliacha lini kucheza mpira na wenzake? Kabla ya simu au baada? Mrudishie kwa masharti mtakayokubaliana, na umsikilize kwanza.

Saa ngapi kwa siku zinatosha?

Mwaka 2023 Vivek Murthy, wakati huo daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alionya kuwa vijana wanaozidisha saa 3 kwa siku kwenye mitandao wana hatari maradufu ya dalili za sonona na wasiwasi. Mimi ningeanza na usiku. Kijana anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Aliyelala kwa saa 4 tu atalia hata kwa chai iliyopoa. Simu zote zichajiwe sebuleni, na yako mzazi ikiwemo.

Shikamoo Shangazi. Wenzangu wamenitoa kwenye grupu la darasa, wakafungua jingine. Naona stetasi zao wakicheka. Kuna wakati naona bora nisingekuwepo.
*Msichana, miaka 16, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeijibu kabla ya zote. Wamekuumiza kweli, wala hujadeka. Hayo maneno yako ya mwisho usilale nayo peke yako: mwambie leo hii mama, mwalimu au mtu mzima yeyote unayemwamini, kama ulivyoniambia mimi. Ukishindwa kuanza, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure. Stetasi zao zinyamazishe kwa sasa, wao hawatajua.

Ukishaongea na mtu, niandikie tena. Nasubiri.