Berlin: anza na mjusi wetu, ila si Jumatatu

Mdogo wangu, umesema unatua Berlin Jumapili, kesho yake rafiki wa baba yako akutembeze, na unaona haya akikulipia kila kitu. Mtu wa Lindi aanze na mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbwa kwetu 1909 hadi 1913. Kasimama zaidi ya mita 13 pale Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na maumbile. Lakini Jumatatu wanafunga! Mie niligonga mwamba mlangoni. Mwombe mzee mwende Jumanne. Jumatatu mkaone Lango la Brandenburg, ni bure. Mpelekee korosho za kukaanga, na tiketi za treni kata wewe. Zile za karatasi zigonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, faini ni euro 60. Ukichoka mwambie, usijikaze. Kama una dawa za kila siku, muone daktari kabla hujaondoka.