Kabla hujagusa Kp, pima muda wa lupu

Roboti yangu ya magurudumu mawili ilianguka wiki mbili mfululizo. Nikapandisha Kp, nikashusha Kd (namba za kurekebisha PID, hesabu inayoamuru mota ili roboti isimame wima), nikabadilisha betri, nikazilaumu mota za bei poa. Kumbe mchawi ni Serial.print, amri ya kutuma maandishi kwenye kompyuta, tena niliiweka mwenyewe ili nione kwa nini inaanguka!

Piga hesabu. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, herufi moja inakula takriban milisekunde 1, na mstari wangu ulikuwa na herufi 30 hivi. Bafa ya Arduino Uno, yaani foleni ya herufi zinazosubiri kutumwa, inabeba baiti 64 tu. Ikijaa, programu inasimama kusubiri. Basi lupu, yaani mzunguko wa programu unaojirudia, niliyodhani inazunguka kila milisekunde 5 ilikuwa inachukua 30 na ushei. Kibaya zaidi, kwenye fomula nilikuwa nimeandika dt = 0.005, yaani sekunde za mzunguko mmoja. Roboti ikiinama digrii 6, hesabu ya jairo (sensa ya kasi ya kuinama) inaona 1. Hapo hata ungeniletea Kp ya malaika, ingelala chini tu.

Dawa ni taima. ATmega328P, chipu ya Uno R3, inakwenda megahezi 16; igawanye kwa 64, weka kikomo cha kuhesabu OCR1A = 1249 kwenye Timer1, unapata intarapti (kengele inayokatiza programu kwa muda mfupi) kila milisekunde 5 kamili. Ndani yake inua bendera tu, yaani kigeu cha ndiyo au hapana, na uitangaze volatile ili programu isome thamani yake upya kila mara. Mimi nilijitia ujuaji, nikasoma MPU6050, sensa yenye hiyo jairo, humo humo. Bodi ikaganda: maktaba ya I2C (waya mbili za kuongea na sensa) nayo hutegemea intarapti, na ukiwa ndani ya moja, nyingine zimefungiwa mlango. Acha lupu kuu ndiyo iione bendera, isome sensa, ipige PID, iamuru mota, kisha ishushe bendera. Kuchapisha kusubiri zamu yake, mara moja kila mizunguko 40, kwa kasi ya 115200.

Kuna watakaosema tumia FreeRTOS, mfumo wa kugawa muda wa chipu kati ya kazi kadhaa. Uno R3 ina RAM ya kilobaiti 2, na kila kazi inadai staki yake, yaani kipande chake cha RAM. Kwa kazi mbili tatu, bendera inatosha.

Weka na kaunta: intarapti ikikuta bendera bado iko juu, maana yake lupu imechelewa, ongeza 1. Yangu ilisoma 0 jioni nzima. Nikaongeza skrini ya OLED kwenye waya zilezile za I2C, kaunta ikafika mamia kabla sijamaliza chai. Skrini nikaing'oa.